Mchumba ana virusi, harusi iko palepale

Kuna swali moja ambalo, tangu nianze kazi hii ya uhariri, halijawahi kukosa kwenye barua na meseji za wasomaji wetu. Huja kwa sura nyingi, lakini ukilimenya linabaki lilelile: "Nimempata ninayempenda, tumekwenda kupima, mmoja wetu ameathirika. Tufanyeje?" Miaka yote nimelijibu kwa kumtafuta daktari, nampa nusu ukurasa, mambo yanaisha. Agosti 2024 swali hilo lilikuja kukaa kwenye kochi langu mwenyewe, Kijitonyama, limevaa gauni la kitenge, limeshika kikombe cha chai. Daktari wa kumsukumia sikuwa naye.

Ni shosti wangu wa miaka mingi, mhasibu, mtoto wa mjini haswa. Hataki nimtaje, na hata jina la bandia kalikataa. "Ukinipa jina la bandia watu wataanza kutafuta nafanana na nani," alisema. Basi nitamwita shosti, imetosha.

Alikuja kunieleza kuwa kachumbiwa na anataka niwe mpambe wake. Nikapiga vigelegele pale pale. Akaninyamazisha kwa mkono. "Subiri. Mpambe lazima ajue. Mimi nina virusi, tangu 2018."

Msomaji, nina digrii ya mawasiliano. Nimehariri makala za unyanyapaa sijui ngapi. Lakini jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumkumbatia. Nilitupa jicho kwenye kile kikombe. Ilikuwa nusu sekunde, siyo zaidi, na aliniona. Akacheka kidogo. "Usijali. Wote mnaanzia hapo."

Kikombe cha shangazi

Najua ile nusu sekunde ilitoka wapi. Mwaka 2003, nikiwa kidato cha pili, shangazi yangu aliletwa kwetu akiwa amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili. Alitengewa kikombe cha bati chenye maua mekundu, sahani na kijiko, vikakaa peke yao kwenye kona ya kabati. Hakuna aliyetueleza kitu. Sisi watoto tulielewa tu kwamba kikombe kile hakiguswi. Mtaani walisema "kakanyaga miwaya", wengine "ana ngoma". Kule Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza nchini waligundulika mwaka 1983, watu walikuwa wameshaupa ugonjwa jina la Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa huko. Tulikuwa mafundi wa kuubatiza majina. Kuuzungumza ndiyo hatukuweza.

Shangazi alifariki mwaka uleule. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure na serikali mwaka uliofuata, 2004. Huwa nahesabu miezi, halafu naacha.

Waliokuwa vijana miaka ile wanakumbuka mengine pia. Wanakumbuka "kwenda Angaza", jina la vituo lililogeuka kuwa neno la kupima lenyewe. Wanakumbuka Julai 2007, Rais Kikwete na mama Salma wakipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja. Kampeni zilitufundisha kupima, na zilitufundisha vizuri. Nadhani hazikutufundisha vya kutosha siku ya pili yake inakuwaje: umepima, unayo, una miaka 27, una kazi nzuri, unataka kupendwa kama watu wengine. Siku hiyo ya pili shosti ameiishi kwa miaka saba na ushee.

Simu ya saa nne asubuhi

Yeye hakwenda kupima. Alikwenda kutoa damu. Ofisini kwao palikuwa na siku ya kuchangia damu, wakapewa soda na biskuti, wakapiga picha. Wiki kadhaa baadaye akapigiwa simu saa nne asubuhi akiwa kazini, akaombwa afike wazungumze. "Nilijua wananipa cheti," ananiambia. "Nilivaa hadi viatu virefu."

Alianza dawa wiki ileile. Hilo nalo ni la bahati ya kalenda. Zamani ulisubiri kinga ishuke hadi kiwango fulani ndipo uanzishiwe. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo mwaka 2015, na Tanzania ikafuata mwaka 2016: ukikutwa na VVU unaanza dawa, CD4 iwe ngapi. Alianzia kwenye vidonge vya mseto vyenye efavirenz, ambavyo vilimpa ndoto za ajabu. Usiku mmoja aliota anafunga hesabu za mwaka akiwa ndani ya daladala, karatasi zinapeperuka dirishani. Asubuhi kichwa kizito, kizunguzungu, na bosi anataka ripoti. Baadaye akahamishiwa vidonge vyenye dolutegravir, vile ambavyo wengi wanameza sasa, kimoja kwa siku. Ndoto zikakoma. Uzito ukapanda kilo kadhaa, jambo ambalo linawatokea baadhi ya watumiaji. Shosti analicheka: "Miaka ya shangazi yako watu walisema una ngoma kwa sababu umekonda. Mimi nanenepa, wananiuliza nimeolewa na nani."

Si kila aliyetumia dawa za mwanzo alicheka. Stavudine, iliyokuwa ya kawaida miaka ya 2000, iliwachimba watu mashavu na kuwapunguza mikono na miguu hadi sura ikawa tangazo. WHO ilipendekeza iachwe mwaka 2009. Ukimkuta mtu mzima anaogopa ARV, usimwite mjinga. Inawezekana anakumbuka sura ya mtu.

Ukimuuliza shosti nini hasa kinamchosha, hatakwambia kidonge. Atakwambia kujificha. Anaishi Dar lakini kliniki yake ya CTC iko nje ya jiji, maana hapa mjini siku moja alikutana na jirani kwenye benchi. (Wote wawili walikuwa wamekuja kwa shida ileile, lakini waliangaliana kama wezi.) Siku ya kliniki anaomba ruhusa kazini kwa uongo: msiba, fundi wa maji, msiba tena. Tangu awe anapewa dawa za miezi sita kwa mara moja, misiba imepungua. Kopo analihamishia kwenye chupa ya vitamini na kujaza pamba juu, lisipige kelele kwenye mkoba. Ile pamba ilinikaa kichwani kuliko kitu kingine chochote alichonieleza.

Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje, ukiwemo mfuko wa PEPFAR unaolipia sehemu kubwa ya huduma hizi Afrika tangu 2003, alinipigia usiku. Alikuwa amemwaga vidonge kitandani anavihesabu. "Vipo 74," alisema, kama mtu anayesoma salio. Baadaye Marekani ilitoa ruhusa maalumu kwa dawa za kuokoa maisha, na yeye hakukosa hata dozi moja. Lakini mshauri nasaha aliyekuwa akimfuatilia kwa simu, aliyelipwa na mradi, hakurudi tena kazini.

Siku tisa za kimya

Yule kaka alimpata mwaka 2022. Injinia wa kampuni ya simu, mtu wa Njombe, mpole, anayependa maelezo marefu. Miezi minne walikuwa wanakula chipsi na kuangalia mpira, kila akitaka kusogea shosti anasogea kando. Mwisho ikabidi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka mtu akishajua ana VVU amweleze mwenza wake, lakini shosti anasema hakuwaza sheria. "Niliwaza asije akajua kwa mtu mwingine." Alimwambia kwenye gari, taa za Morocco zimewaka nyekundu.

Kaka hakusema neno. Alimfikisha nyumbani, akamsubiri aingie getini, akaondoka. Siku tisa hakupiga simu. Siku ya kumi akaja na daftari. Ndiyo, daftari. Alikuwa ameandika maswali 22.

Nimeongea naye kwa ajili ya makala hii. Nilimuuliza siku tisa zile alikuwa wapi. "Nilikuwa na hasira," alisema, "halafu nikagundua sina wa kumkasirikia. Halafu nikaogopa kufa. Halafu nikaanza kusoma." Alipofika kwenye kusoma uso wake ulitulia. Ni injinia, unamsamehe.

Alichosoma ni hiki, na nakiweka hapa kwa kirefu kidogo kwa sababu wasomaji wengi bado hawakijui. Dawa za ARV zinazuia virusi visizaliane. Mtu akizimeza vizuri, idadi ya virusi ndani ya damu inashuka hadi mashine haivioni tena. Havijaisha, vimejificha, akiacha dawa vinarudi. Lakini vikiwa chini namna hiyo, havitoki kwenda kwa mwenza kwa njia ya ngono. Mwaka 2011 utafiti uitwao HPTN 052, uliofuatilia wenza 1,763 wenye majibu tofauti katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Kisha ukaja utafiti wa PARTNER uliofanyika nchi 14 za Ulaya. Matokeo yake ya mwaka 2016 yalihusu wenza 888, mmoja ana VVU na virusi vyake vimefubaa, mwenzake hana. Walifanya mapenzi bila kondomu takriban mara 58,000. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza aliyefubaza virusi: sifuri.

"Mimi kazi yangu ni mitandao," kaka aliniambia. "Hakuna mtandao duniani wenye rekodi hiyo."

Walikwenda CTC pamoja. Nesi, mama mtu mzima, alimwonyesha majibu ya wingi wa virusi vya shosti, havionekani, mwaka baada ya mwaka. (Kipimo cha kwanza huchukuliwa miezi sita baada ya kuanza dawa, na ukishatulia kinakuwa mara moja kwa mwaka.) Halafu akampa kaka chaguo la PrEP, vidonge vya kinga kwa asiye na virusi. Akavimeza mwaka mzima. Nilimuuliza kwa nini, kama sifuri ni sifuri. "Kwa ajili ya usingizi wangu," alijibu. "Daftari linaelewa haraka, mwili unachelewa." Napenda jibu hilo kuliko takwimu zote. Anapima mara kwa mara mpaka leo, na mpaka leo hana.

Nesi huyo hakumaliza bila kuwakumbusha mambo mawili ambayo mapenzi huyasahau. Kwanza, kifua kikuu, ambacho ndicho kinaongoza kuua watu wenye VVU duniani. Kikohozi cha wiki mbili si cha kunywea tangawizi. Pili, saratani ya mlango wa kizazi, ambayo mwanamke mwenye VVU ana hatari yake mara sita zaidi ya mwanamke asiye nao. Kuna kipimo cha kupaka siki nyepesi, majibu palepale. Shosti alikuwa hajawahi kukifanya, pamoja na miaka yote ya kliniki. Akafanya siku hiyohiyo, kaka anasubiri nje na mikoba.

Na watoto? Swali namba tano kwenye daftari. Bila dawa wala kinga yoyote, mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45, ukijumlisha mimba, kujifungua na kunyonyesha. Kwa dawa inashuka chini ya 5. Kunyonyesha si sawasawa na ngono, hapo sifuri haijathibitishwa, kwa hiyo mtoto hupewa dawa ya maji na kupimwa mapema. Kaka amepigia mstari mara mbili.

Bahasha ya mchungaji

Aprili 2025 wakaanza mafunzo ya ndoa kanisani kwao. Sitataja kanisa. Kama ilivyo kwa makanisa mengi, waliambiwa walete majibu. Sheria yetu inakataza kumpima mtu bila ridhaa yake, isipokuwa kwa mambo machache kama amri ya mahakama, lakini nani anakwenda kumfungulia mchungaji kitabu cha sheria wiki anayotaka afungishwe ndoa? Wakapeleka bahasha mbili.

Mchungaji hakufoka. Ingekuwa afadhali. Aliongea taratibu, kwa upendo kabisa, akasema waahirishe miezi mitatu wafunge na kuomba, na binti akiwa na imani kamili, dawa za nini tena?

Nilipoambiwa nikakumbuka 2011. Nilikuwa chuo, na nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Watu wenye VVU walikunywa, wakarudi, wakaacha ARV. Siwacheki. Ukibeba kidonge hadi kaburini na mtu akakwambia kuna kikombe cha mara moja, kiu inakupanda hata wewe. Lakini virusi vilivyojificha havijui kama umetoka Samunge.

Shosti alimjibu mchungaji kuwa ataomba, na atameza. Vyote. Mchungaji akasema basi ndoa isubiri. Wakahama kanisa. Mama yake shosti alilia wiki nzima, maana kwaya yote ilishashona sare.

Njombe

Desemba 2025 kaka akampeleka shosti kwa mama yake, Njombe. Huko ndiko nilikoogopea kuliko kanisani.

Unatakiwa kuijua Njombe kidogo. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulikuta watu wazima wanaoishi na VVU nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, mkoa wa kwanza. Mama huyu alizika watoto wawili, kaka na dada wakubwa wa mchumba, kabla dawa hazijafika kijijini kwao. Aliwafua shuka mwenyewe. Sisi wa mjini tuna kawaida ya kusema wazee wanakosa elimu. Mama huyu elimu anayo, aliipata kitandani kwa wanawe.

Siku ya pili, saa tatu usiku, shosti akaenda chumbani kumeza. Ile pamba alikuwa ameisahau Dar. Chupa ikalia. Njombe nzima inaujua mlio ule.

Mama akamsubiri sebuleni. "Hizo dawa za nini, mwanangu?"

Angeweza kusema vitamini. Chupa yenyewe ilisema vitamini. "Ni za VVU, mama. Nina miaka saba nazo."

Mama akauliza, "Na huyu?" akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Hana, mama. Tunapima."

Kaka akaleta daftari. Mama hakuligusa. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeulizia bei: "Mimi nimeshafukia wawili. Sina nguvu ya kuchimba la tatu." Akaingia kulala. Asubuhi aliamka mapema, akawapikia uji, akawafungia viazi na maharage ya safari, akawasindikiza stendi. Kuhusu harusi hakutamka neno. Shosti anasema njia nzima hadi Mikumi hawakuongea.

Huyo kaka anampigia mama yake kila Jumapili, na wanaongea kuhusu mvua, mahindi, mbolea. Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi tumeshakipanga, mimi nikiwa mweka hazina. Kadi za michango zimetoka. Mama hajasema anakuja wala haji, na shosti kaapa hafungi ndoa ambayo mama mkwe haijui tarehe. Nimemwambia anajitesa. Ameniambia mimi sijafukia mtu, ninyamaze. Amesahau shangazi, lakini nilinyamaza.

Jumapili iliyopita mvua na mahindi viliisha mapema kuliko kawaida. Kukawa kimya kwenye simu, kaka akadhani mtandao umekata. Halafu mama akauliza: "Huyo binti, zile dawa zake anakunywa kabla ya kula au baada?"

Kaka akaweka sauti ya juu, shosti akasogea.

"Vyovyote tu, mama. Ila mimi hunywa nikishakula."